Tunawatambuaje wanachama wa klabu yetu ya wanawake bila kurudia majina yaleyale ya viongozi?

KatibuMpya aliandika:

Habari za saa hizi wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa kina mama na kina dada mliowahi kushika uongozi kwenye klabu au umoja wa wanawake wa chama chochote. Chama gani si hoja ya uzi huu, naomba tusifike huko.

Mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu unakaribia, na kamati imenikabidhi sehemu ya kuwatambua wanachama waliofanya makubwa. Nimeipokea kwa moyo mmoja. Klabu yetu ni ya ngazi ya chini kabisa, ile ambayo wakubwa huikumbuka kampeni zikianza, na wanawake waliomo wanafanya kazi ambayo hata wenyewe hawaiiti kazi.

Nilianza kwa kumwomba kila mjumbe aniletee majina. Karatasi ziliporudi, majina yalikuwa yaleyale: mwenyekiti, makamu wake, diwani wetu, na mama mmoja ambaye hutuchangia fedha kila tukiwa na shughuli. Sina neno na hata mmoja wao, wanastahili heshima. Ila nikifungua daftari la mahudhurio naona watu wengine kabisa.

Kuna dada mmoja alikuwa wakala wetu kituoni uchaguzi uliopita. Umeme ulikatika kura zikiwa zinahesabiwa. Mawakala wa pande nyingine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, maana usiku ulikuwa umeingia na hakuna aliyejua umeme utarudi saa ngapi. Yeye akabaki. Aliwasha tochi ya simu, akaielekeza mezani, hesabu ikaendelea mpaka mwisho, akatoka na nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa. Kulipotokea ubishi kesho yake kuhusu kituo kile, karatasi iliyomaliza ubishi ni ile aliyokuwa nayo mkononi. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyempendekeza. Nikamuuliza mmoja wao kwa nini, akanijibu, "Si ndiyo ilikuwa kazi yake?"

Jibu hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Kuna na mama mwingine ambaye kila kikao hukaa nyuma ya ukumbi na watoto wa wenzake ili mama zao wachangie hoja. Ukisoma mihtasari ya mwaka mzima, jina lake halimo hata mara moja, kwa sababu hajawahi kusimama kuongea. Lakini asipokuja, nusu ya kina mama vijana wanaaga kabla hatujafika ajenda ya tatu.

Maswali yangu ni haya. Majina niyatafuteje ili yasije kwa vyeo? Waasisi wetu wanasema wasichana waliojiunga juzi hawawezi kutangulizwa mbele yao, na wasichana nao wanasema kila mwaka wanaosimamishwa ni waasisi hao hao. Halafu tuna mwenzetu aliyegombea akashindwa. Je, naye anaingia au tutamtonesha kidonda?

---

Chapakazi alijibu:

Dada Katibu, ushauri wangu ni mfupi. Wape wote vyeti vinavyofanana, mpige picha ya pamoja, yaishe. Ukianza kuchagua utaibua makundi, na klabu za siasa zinavunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Chema chajiuza. Mwenye kazi nzuri watu wanamjua tu.

---

MamaMihtasari alijibu:

Mdogo wangu Katibu, hongera kwa kuliona hilo mapema. Mimi nimekaa na kalamu ya ukatibu kwenye klabu kama yenu kwa miaka mingi kabla ya kuwa mlezi, na mkutano wa tuzo ndio niliokuwa nauandaa kwa umakini kuliko mingine yote.

Kwanza achana na karatasi za majina. Mtu ukimuuliza "nani anastahili" anakutajia anayemwona mbele, na anayeonekana mbele ni kiongozi. Badala yake waulize matukio: mwaka huu tulifanikiwa wapi? Watakwambia tulijaza mkutano ule, tuliandikisha wapiga kura mtaa fulani, tulipata fomu za matokeo za vituo vyote. Ukishapata matukio, rudi kwa kila moja uulize: nani alikuwepo pale? Nani alianza? Nani alibaki wengine walipoondoka? Utashangaa jinsi majina yanavyobadilika. Wakala wako atatajwa na watu watatu bila wewe kumgusia.

Kisha kaa na vitabu vyako. Daftari la mahudhurio litakwambia nani hakukosa. Kitabu cha mweka hazina kitakuonyesha nani alilipa ada kidogokidogo mpaka akaimaliza, na hilo ni jambo la kusemwa. Pitia kundi lenu la WhatsApp, hasa ujumbe wa usiku wa kuamkia shughuli. Yule anayeuliza "nani ana funguo za ukumbi?" na yule anayejibu "nimeshachukua" wote waandike.

Sasa maandishi ya cheti. Hapa ndipo klabu nyingi zinapoharibu. Vyeti vinaandikwa "kwa mchango wake mkubwa katika maendeleo ya klabu", maneno ambayo unaweza kumpa yeyote, hata asiyewahi kufika. Mimi nina kipimo kimoja: funika jina kwa kidole, usomee maneno yaliyobaki kwa wanachama watano. Wakishindwa kumtaja mwenyewe, hujaandika kitu, rudi mezani. Ukiandika "Alimulika meza ya kuhesabia kura kwa simu yake umeme ulipokatika, akatoka na fomu iliyosainiwa", hakuna atakayeuliza ni nani.

Chapakazi, nakuheshimu, ila hapo kwenye chema chajiuza tunapishana. Kwenye siasa chema cha mwanamke wa chini hakijiuzi hata kidogo. Mfikirie Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, akachukua uongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, chama kikiwa na mwaka mmoja tu. Njia aliyotumia ilikuwa kwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na viongozi hao wakawaleta wenzao. Maelfu ya wanawake waliingia chamani kwa njia hiyo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa jina kubwa kuliko wote, alifungwa maisha katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970, akaachiwa 1972, na kwa miaka mingi hakutajwa majukwaani kama alivyostahili. Leo kuna barabara kubwa Dar es Salaam yenye jina lake. Sawa, lakini wale kina mama wa vikundi waliozunguka nyumba hadi nyumba wakiwaita wenzao? Baadhi yao ilibidi wasubiri mpaka watafiti walipokwenda kuwarekodi miaka ya 1980, wakiwa tayari bibi, na wengine wakiwa wameshaondoka duniani. Kama hata Bibi Titi aliweza kusahaulika, sisi wa mitaani tutakumbukwa na nani kama katibu hataandika?

Kwa hiyo mwambie yule mjumbe wako hivi: ndiyo, ilikuwa kazi yake. Na udiwani ni kazi ya diwani, tena una posho, mbona yeye mmempendekeza?

Mfadhili mheshimu kwa njia yake. Mwandikie barua ya shukrani, na mweka hazina amtaje kwa jina kwenye taarifa ya fedha, makofi yapigwe. Usimchanganye na waliotoa miguu na muda wao. Ukiwaweka pamoja, mwanachama asiye na kitu anaondoka akijua kwamba ili uonekane kwenye klabu hii lazima uwe na fedha, na mwakani hutamwona.

Waasisi na wasichana, fanya hivi: msichana ndiye amsomee mwasisi maneno yake, na mwasisi amsomee msichana. Lakini kabla ya siku hiyo lazima wakae pamoja, amuulize, aandike. Nimeona mama mmoja mkali sana, aliyekuwa hataki kusikia habari za vijana, akirudi kwenye kamati kudai binti aliyemhoji apewe nafasi ya ukatibu msaidizi.

Aliyegombea akashindwa mwingize, tena mapema kwenye ratiba, asiachwe wa mwisho kama kiraka. Mwanamke akishindwa anabaki na madeni ya kampeni na maneno ya watu. Klabu ikinyamaza, wanawake wengine wanaotazama wanapata jibu lao, na mwakani hakuna atakayechukua fomu. Taja kura alizopata. Taja vituo alivyoongoza kama vipo. Taja wapiga kura wapya alioleta. Usimwambie "usikate tamaa", hajaomba kuhurumiwa.

---

MwalimuJioni alijibu:

Naunga mkono hoja ya Mama hapo juu, na niongeze mfano ninaoutumia darasani.

New Zealand ndiyo nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote haki ya kupiga kura za bunge, Septemba 1893. Kiongozi anayejulikana ni Kate Sheppard, na picha yake iko kwenye noti ya dola 10 ya nchi hiyo. Lakini kilichopelekwa bungeni hakikuwa hotuba yake. Kilikuwa karatasi za saini, maombi ya kudai haki hiyo. Wanawake wa vyama vidogovidogo walizunguka nazo nchi nzima, karatasi zikarudi, zikagundishwa moja chini ya nyingine na kuzungushwa kwenye kipande cha mpini wa fagio. Mbunge aliyeziwasilisha aliliachia bunda hilo likafunguka sakafuni katikati ya ukumbi. Urefu wake ni zaidi ya mita 270.

Karatasi hiyo bado ipo, imetunzwa Wellington, ikiwa na majina ya wanawake zaidi ya 20,000. Mjukuu wa kitukuu anaweza kwenda leo akamtafuta bibi yake kwa jina. Ila maombi yaliyopelekwa mwaka ule yalikuwa 13 kwa jumla, na lililobaki ni hilo moja kubwa. Walioweka saini kwenye mengine 12 nao walichukua hatari ileile, walisemwa na waume na majirani vilevile, na majina yao hatunayo.

Kwa hiyo Dada Katibu, cheti kinakwenda nyumbani kwa mtu, kinaweza kuliwa na mchwa au kupotea wakati wa kuhama. Kila utakachosoma siku hiyo, nakala yake ibaki kwenye faili la klabu, na nyingine iwe kwa mtu tofauti na katibu.

---

DadaWakili alijibu:

Yote mliyosema ni mazuri. Mimi niseme kuhusu idhini, maana hapa watu wanaumia.

Kabla hujasoma jina la mtu hadharani au kurusha picha yake mtandaoni, muulize. Wapo wanachama walioajiriwa serikalini, na sheria za utumishi nchi nyingi zinawabana kuhusu siasa. Wapo ambao mume au mkwe hajui kwamba zile safari za jioni ni za vikao. Tumeona mwanamke anapewa ngao Jumamosi, picha inasambaa, Jumatatu anaitwa ofisini kujieleza. Nia ya klabu ilikuwa njema, lakini aliyelipa gharama ni yeye. Mwenye hali hiyo mtambue ndani ya kikao bila kamera, au mwachie achague maneno gani yasomwe.

La pili, angalia kalenda. Tuzo ikitolewa wiki chache kabla ya kura za maoni ndani ya chama inageuka kampeni, hata kama hukukusudia. Anayetarajia kuchukua fomu asikae kwenye kamati ya kuchagua. Na mgeni rasmi asiwe mgombea, maana atachukua kipaza sauti na mtajikuta mnasikiliza sera zake nusu saa huku wanaotuzwa wamesimama wameshika bahasha.

Vilevile zawadi ya kitu cha thamani wakati wa uchaguzi inaweza kuleta maswali ya kisheria. Cheti chenye maneno mazuri hakina tatizo hilo.

---

Chapakazi alijibu:

Nimesoma yote. Mama, umenigusa hapo kwa Bibi Titi. Lakini hofu yangu iko palepale: ukiwataja kumi, wale arobaini waliobaki watajisikiaje? Wengine walijitahidi kweli ila hawana tukio la kusimulia.

---

MamaMihtasari alijibu:

Hofu yako ni ya haki, Chapakazi, na sitaki kuipuuza. Sisi tulikuwa tunafungua sehemu hiyo kwa kusoma majina ya wanachama wote hai, kutoka kwenye rejista, bila vyeo, kwa mpangilio wa alfabeti. Mwenyekiti anasomwa pale herufi yake ilipo. Haichukui muda mrefu, na kuna mama ambao wanavaa vizuri siku hiyo kwa sababu ya kusikia tu jina lao likitamkwa sawasawa. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kuyatamka. Waliofariki mwaka huo wasomwe papo hapo, na jamaa zao waalikwe.

Ila kuwasoma wote hakuondoi haja ya kuwasimamisha wachache kwa matendo yao. Mwanachama mpya aliyekaa nyuma anapomsikia wakala wa kituo akisimuliwa, anajifunza kazi ya wakala ni nini. Hilo picha ya pamoja haiwezi kumfundisha. Na anayejiona hana tukio, mara nyingi hajaulizwa vizuri.

---

KatibuMpya alijibu:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Naomba niwape mrejesho.

Nimewauliza wajumbe tena kwa njia ya Mama Mihtasari, matukio badala ya majina. Wakala ametajwa karibu na kila mtu, hata na yule aliyeniambia ni kazi yake. Mama anayekaa na watoto ametajwa na kina mama vijana wote. Na limekuja jina ambalo sikulifikiria kabisa, la binti aliyekuwa akiwasaidia wazee kusoma orodha ya wapiga kura ubaoni wakati wa uhakiki, na kuwajazia fomu za marekebisho majina yao yalipokosewa.

Nilikwenda kumuona wakala kuomba idhini kama alivyoshauri DadaWakili. Alikataa kwanza. Akasema hakuwa peke yake. Simu yake ilikuwa inakaribia kuzima usiku ule, na mwanachama mwenzake alitembea gizani kumletea betri ya akiba, akaipitisha kwa askari wa mlangoni, akarudi bila kuingia. Ningeisoma ile hadithi ukumbini bila huyo wa pili kutajwa, naye angekuwa amekaa pale anasikiliza. Wakala amekubali kwa sharti kwamba wasimame wawili.

Nimeandika rasimu. Naomba mnisahihishie:

1. "Alibaki kituoni umeme ulipokatika, akamulika meza ya kuhesabia kwa simu yake, akatoka na fomu ya matokeo iliyosainiwa."

2. "Alitembea usiku kupeleka betri ya akiba kituoni ili tochi isizime."

3. "Amejitoa kwa hali na mali kuhakikisha vikao vya klabu vinafanikiwa kwa kuwatunza watoto."

4. "Aligombea, akafika kila mtaa wa kata, na akapata kura nyingi kuliko mgombea yeyote mwanamke kabla yake kwa upande wetu."

Hiyo ya nne nimeihakiki kwenye matokeo ya nyuma yaliyopo kwenye faili. Mwenyewe nimemsomea kwa simu, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza kama anaweza kuja na mama yake.

---

MamaMihtasari alijibu:

Mama yake aje, na akae mbele.

Ya kwanza, ya pili na ya nne usiziguse tena, ila kwenye ya kwanza na ya pili ongeza jina la kituo na tarehe. Mtu atakayesoma faili hilo baada ya miaka ishirini hatajua ni uchaguzi upi. Kwenye ya nne weka idadi ya kura kwa tarakimu.

Ya tatu haijapita kipimo. "Hali na mali" lifute. Rudi kwa wale kina mama vijana uwaulize walifanya nini ukumbini wakati watoto wako kwake. Nakuhakikishia mmoja wao alisimama akatoa hoja iliyopita, au alichaguliwa kuingia kamati. Ukilipata hilo, andika: "Alikaa na watoto wa wenzake kila kikao, na kwa sababu hiyo fulani na fulani waliweza kuchangia hoja ya kadhaa." Waombe idhini hao fulani, halafu wao ndio wamkabidhi cheti. Asikabidhiwe na mgeni rasmi.

Na yule binti wa orodha ya wapiga kura, mbona hujamwandikia? Umemtaja kwenye maelezo, kwenye rasimu hayumo. Muulize aliwajazia fomu wazee wangapi. Kama hakuhesabu, kaa naye mtaje nyumba moja moja, mtapata. Lete hiyo na ya tatu hapa tuzione kabla hujazipeleka kuchapisha.